Usingizi wa Nadir Umekwenda Wapi

Baraza yetu ya Kiponda imeshikana na ukuta wa nyumba ya marehemu Ismail, na dirisha la chumba cha chini liko juu ya vichwa vyetu. Asubuhi hiyo lilikuwa limefungwa. Ndani alikuwamo Nadir, mtoto wa marehemu, ambaye hukesha mapokezi katika hoteli moja ya Uroa, akarudishwa mjini jua likichomoza. Ghorofani kunavuja, kwa hiyo hulala hapo chini. Kwa kawaida tungekuwa tunacheka, lakini siku hiyo haikuwa ya kucheka. Saadiya, mke wa Nadir, alikwishamchukua mtoto wao Yusra akaenda zake kwao Bububu, na shangazi yake, Bi Mwanamkasi wa Matemwe, alikuwa njiani kuja kusikiliza. Ukoo umemwachia yeye neno la mwisho: akimwona Nadir ni mtu wa kukaa naye, Saadiya atarudi; akimwona siye, watadai talaka. Nasema wazi, niliogopa. Nadir nimempakata mimi, na baba yake alikuwa rafiki yangu.

Tulikuwa watano. Mzee Mkadam tunamwita Baragumu, maana alifanya kazi bandarini ya kuwapigia kelele watu wa winchi. Yeye kastaafu, sauti yake bado. Ahmada ni Redio. Kila analolisema kalisikia mahali, na mahali penyewe hapakumbuki. Talib hana jina la utani kwa sababu hana masihara. Yeye ni kaka yake Saadiya, na kukaa naye siku ile kulikuwa kama kukaa karibu na jiko. Simai ni muuza kahawa, na kwake yeye mradi kikombe kinarudi kitupu, dunia iko sawa. Wa tano mimi.

Talib: Mimi nshasema. Bi Mwanamkasi akitoka humo ndani, karatasi inaandikwa leo leo.

Baragumu: Karatasi gani, we Talib! Mtu mgonjwa!

Redio: Sauti, Baragumu. Kalala.

Baragumu: Haya. Mtu mgonjwa.

Talib: Mgonjwa wa nini, mzee wangu? Kapimwa. Kaambiwa presha imepanda, basi. Presha ndiyo inayomfanya mtu asinzie juu ya vespa na mtoto kampakia nyuma? Yusra mkono uko kwenye plasta. Jana kaniuliza, "Mjomba, baba alifumba macho kwa nini?" Nambieni nyinyi, nimjibu nini?

Nilitazama kahawa yangu, ikanitazama na yenyewe.

Simai: Niongeze?

Mimi: Ongeza.

Redio: Skilizeni. Faiza, mtoto wa dada yangu, yule muuguzi, kasema mwili wa binadamu una saa ndani yake. Jua ndilo linaloitia ufunguo. Ukikesha, ile saa inakwenda upande. Na mchana usipopata usingizi wa kulipa, presha inapanda, sukari inapanda, na roho inaingia kisirani. Mtu anakuwa mkali bila sababu, anasahau, anasinzia akiwa wima.

Huo ndio ulikuwa usemi wa maana kuliko yote tuliyoyasema siku hiyo. Tukauacha upite.

Baragumu: Saa ya ndani! Na ikiharibika anatengeneza nani? Fundi wa Darajani?

Simai: Yule kahamia Mwanakwerekwe.

Baragumu: Basi hata huyo hayupo! Mimi n'kwambieni ukweli. Mtoto yule kafanyiwa hasadi. Kapata kazi nzuri, kapata mke mzuri, mtu kamtia jicho.

Talib: Kazi nzuri? Harudi na kitu ila macho mekundu.

Redio: Hasadi inaharibu mali, Baragumu, haiharibu usingizi. Usingizi umeharibiwa na hoteli. Hebu fikirini. Usingizi wa kisiwa ni kiasi chake, kama maji ya kisima. Sasa hawa wageni wanashuka uwanja wa ndege, kwao ni usiku, kwetu mchana. Wanakwenda wapi? Uroa. Wanafanya nini? Wanalala ufukweni tangu asubuhi mpaka jioni. Wanalala usingizi wa nani?

Mimi: Wa nani?

Redio: Wetu! Wanaumaliza! Nadir yuko pale mlangoni, ndiye wa kwanza kuishiwa. Usingizi wake uko Ujerumani saa hizi.

Ningecheka siku nyingine. Lakini Talib alikuwa keshaweka kikombe chini kwa kishindo.

Talib: Nyinyi mnafanya mchezo. Mimi n'nashangaa hakuna aliyeuliza usiku ule hotelini analala na nani. Mtu akija kwake hataki kusema na mkewe, hataki kula, kazi yake kujigeuza tu kitandani, maana yake nini?

Mimi: Chunga mdomo, Talib.

Talib: Dada yangu analia, nichunge mdomo?

Mimi: Unakaa juu ya baraza ya babake. Usimzulie mtoto jambo ukiwa umeegemea ukuta wake.

Baragumu: Nyamazeni! Nyote nyamazeni! Ntakwambieni niliyoyaona kwa macho yangu, na mkisha mtajua si mwanamke wala si Mjerumani! Wiki iliyopita nimekaa hapa hapa, nnazungumza zangu taratibu...

Redio: Taratibu?

Baragumu: Taratibu! Mlango ukafunguliwa. Akatoka Nadir na kikoi tu, nywele zimesimama, akanambia, "Ondokeni! Nyote ondokeni, mtaniua!" Mimi! Mtu niliyemtia jandoni! Mtoto yule tangu kuzaliwa hajanipandishia sauti. Nikajua pale pale, aliyesema si Nadir. Ndani ya mtoto yule mna kitu.

Redio: A'udhu billahi.

Baragumu: Na hicho kitu hakitaki watu. Kinataka awe peke yake, kiza, madirisha yamefungwa. Mmewahi kuona mtu mzima akatundika blanketi dirishani mchana?

Ndu! Ndu! Ndu! Ukuta uligongwa kutoka ndani, nyuma ya mgongo wangu hasa. Simai akamwaga kahawa.

Baragumu: Mmesikia? Kikitajwa kinagonga!

Redio: Ayatul Kursi, jamani.

Baragumu akaisoma. Aliisoma kwa ile sauti ya bandarini, na kila ukuta ulipogongwa aliongeza, mpaka jirani wa ng'ambo akachungulia kuona amekufa nani. Talib hakusoma. Alikuwa anatazama kona ya uchochoro, na mimi nikageuka, nikamwona Bi Mwanamkasi anakuja.

Mwanamke mfupi, mkavu, mkoba begani. Kazi yake ni mwani, na viganja vyake vimepauka kwa maji ya chumvi. Talib akaruka kumpokea mkoba.

Talib: Shikamoo, shangazi.

Bi Mwanamkasi: Marahaba, mwanangu. Hamjambo?

Sote: Hatujambo, Bi mkubwa. Karibu.

Talib: Afadhali umefika. Leo limalizike.

Bi Mwanamkasi: Litamalizika. Kwanza nimwone mwenyewe.

Alibisha hodi. Nadir akafungua, na wallahi nilitamani asingefungua. Macho yamevimba, ndevu hazijachongwa, mkono umeshika fremu ya mlango asianguke. Akampa mama wa watu shikamoo yake vizuri, lakini hakututazama sisi. Talib akanigusa kwa kiko cha mkono kama kwamba ananambia, unaona?

Bi Mwanamkasi: Baba, mgongo wanuma. Nimetoka kwangu kabla hakujapambazuka. Sitaki kuzungumza jambo zito na mimi nimechoka. Nipe pa kujinyoosha kidogo tu, n'kiamka tutazungumza.

Nadir: Karibu chumbani, Bi mkubwa. N'nakutandikia.

Akamtandikia shuka safi kitanda chake mwenyewe, kile kilicho chini ya dirisha, akamwachia chumba. Yeye tukamwona kwa upenyo wa mlango anaburura kiti ukumbini. Kisha mlango ukafungwa.

Sasa nyinyi mnadhani tulinyamaza. Tulijaribu. Tukanong'ona muda wa kikombe kimoja.

Talib: Mmemwona alivyo? Hata salamu hakutupa.

Redio: Macho yale si ya usingizi tu. Ni taa za simu. Nimesikia taa ya simu inauhadaa mwili, unadhani bado mchana.

Baragumu: Ah, simu! Simu imemfundisha kumtukana mzee?

Redio: Nasema nilivyosikia.

Baragumu: Umesikia wapi?

Redio: Sikumbuki.

Baragumu: Basi usiseme! Bi Mwanamkasi akiamka nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia asimpe Saadiya ruhusa kurudi mpaka mtoto huyu asomewe!

Mimi: Hutamwambia hivyo. Ukisema ana shetani, ndoa imekufa. Nani atampa mtu wa shetani mwanawe mwenye mkono uliovunjika?

Baragumu: Kwa hivyo nifiche?

Mimi: Unyamaze!

Baragumu: Mimi ninyamaze? Kwenye baraza hii ninyamazishwe mimi?

Talib: Mwacheni aseme! Aseme! Shetani, mwanamke, presha, mimi sijali ni lipi, mtoto hatorudi humu!

Mimi: Mtoto si wako!

Ndiyo, nilipiga kelele. Nilikuwa nimesimama, kidole kimo usoni mwa Talib, na yeye kasimama kanikabili, Baragumu kati yetu anatuamua kwa sauti iliyotushinda sote wawili. Na hapo ndipo ukuta ulipogongwa tena. Ndu! Ndu! Ndu!

Baragumu: Hilo! Hilo tena! Na mama wa watu yumo mle kalala! Bi Mwanamkasi! Toka, Bi mkubwa, toka!

Mlango ukafunguka. Bi Mwanamkasi akatoka, kanga imekaa upande, alama ya mto shavuni. Alisimama kizingitini akatutazama mmoja mmoja, mpaka nikashusha kidole changu.

Baragumu: Umekisikia, Bi mkubwa? Kilichogonga ukuta?

Bi Mwanamkasi: Nimegonga mimi.

Baragumu: Wewe?

Bi Mwanamkasi: Kwa kiatu. Nimegonga mnyamaze. Nimeita kwanza, hamkunisikia.

Simai akajishughulisha na birika. Redio akaanza kuokota tasbihi ambayo haikuanguka.

Bi Mwanamkasi: Mnakaa hapa tangu wakati gani?

Mimi: Tukitoka msikitini, Bi mkubwa. Sala ya alfajiri.

Bi Mwanamkasi: Mpaka?

Mimi: Mpaka adhuhuri.

Bi Mwanamkasi: Na baada ya adhuhuri?

Redio: Tunakwenda kula. Wanakaa vijana wa dhumna.

Bi Mwanamkasi: Wanacheza kimya?

Redio: Dhumna haichezwi kimya, Bi mkubwa.

Bi Mwanamkasi: Alasiri?

Simai: Alasiri narudi na birika la pili. Wanarudi na wao.

Bi Mwanamkasi: Na gari ya kazini humfuata wakati gani?

Talib alijibu hilo. Alijibu polepole, kama mtu anayeiona njia inakokwenda na hataki kufika.

Talib: Kabla ya magharibi.

Bi Mwanamkasi: Sawa. Hayo ya hasadi na Wajerumani nimeyasikia yote, sikukosa hata moja. Na wewe Talib nimekusikia. Mimi nina swali moja. Nadir alale saa ngapi?

Baragumu akafungua mkono, akaufumba. Redio akatazama juu kwenye dirisha, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi niliihesabu siku nzima kichwani, kuanzia adhana mpaka adhana, nikitafuta mahali pa kumtia yule mtoto. Kila saa niliyoishika ilikuwa na uso wa mtu ndani yake, na nyingi zilikuwa na wangu.

Bi Mwanamkasi: Nitajieni saa moja tu. Saadiya kanituma nitazame mumewe ana nini, nikamwambie. Sendi Bububu bila jibu.

Kisha akafanya jambo ambalo hatujawahi kuona mwanamke akilifanya pale. Alikuja akakaa barazani, baina ya Redio na ukuta, mikono mapajani, akangoja.

Uchochoro wa Kiponda mchana una kelele zake, pikipiki, watoto, muuza ndizi, lakini barazani palikuwa kimya, na mimi nilikuwa sijui kimya cha pale kina ukubwa gani. Nilijisikia vibaya, sina haja ya kulipamba. Nilimwita mtoto yule mwanangu kwa maneno, na kwa matendo nilikuwa nikimkalia kichwani.

Ndipo tukaisikia. Bi Mwanamkasi aliuacha mlango wazi, na kutoka ukumbini ilitoka sauti nzito, ya kukoroma, ikakatika, ikarudi, ikashika mwendo. Talib alikuwa karibu na mlango. Aliinama kuchungulia, akakaa vile vile ameinama muda mrefu. Alipogeuka, uso wake haukuwa ule aliokuja nao.

— Kalalia kiti, alisema kwa pumzi tu. — Mdomo wazi. Kama Yusra.

Bi Mwanamkasi bado alikuwa akingoja.

Simai alisimama na birika lake, hathubutu kulitua. Mimi mguu ulikuwa unakufa ganzi, sikuuondoa. Na hapo nikamwona Baragumu anajinyoosha, kidole juu, macho yamempanuka kwa furaha ya mtu aliyepata jawabu, anavuta pumzi kifua kizima.

Talib alivuka baraza kwa hatua moja, akamziba mdomo kwa kiganja. Akamshikilia hivyo, mzee wa watu kamtolea macho, huku sikio lake Talib liko kule mlangoni.