Mwalimu Aron na Kupatwa kwa Mwezi kwa Itifaki

"Kwani mwezi naye amepelekewa barua ya kumsubiri mgeni rasmi?" Ndivyo alivyouliza marehemu, Mwalimu Aron Shemhilu, Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, katika uwanja wa mpira wa hapa Malindi, Lushoto, na kamati nzima ya maandalizi ikainamia simu zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa hapa Malindi, mtoto wa tatu wa Mzee Abrahamu na Mama Rahabu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari mjini Tanga na chuo cha ualimu, na tangu mwaka 1982 hadi alipostaafu mwaka 2016 alifundisha fizikia, mara nyingi katika maabara yenye kufuli zuri na ndani hamna kitu.

Tarehe 18 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mama Evelina, wakajaliwa watoto watatu, Yohane, Devotha na Kristian, na wa nne, kama walivyotania nyumbani, ni darubini aliyoiunda mwenyewe kwa bomba la maji, akaiweka juu ya kigoda kifupi makusudi, watoto waangalie wamesimama na wakubwa wapige magoti.

Kwa darubini hiyo, tarehe 27 Julai 2018, aliwaonyesha kupatwa kwa mwezi wote waliofika sokoni, bila kadi za mwaliko wala meza kuu. Mwaka jana, mwezi ulipokaribia kupatwa tena, ikaundwa kamati ya maandalizi, mwenyekiti wake Ndugu Francis, ambaye leo tunamwona kiti cha mbele, ikaleta turubai, spika, na amri kwamba darubini ifunikwe kitambaa hadi mheshimiwa, mgeni rasmi, aizindue. Saa mbili na nusu usiku mwezi ukaiva mwekundu, watoto wako mstarini, mwalimu akanyoosha mkono afunue, Ndugu Francis akamdaka, "Mwalimu, itifaki! Mtoto hawezi kumtangulia mheshimiwa," na Mama Zuhura muuza kabichi akapaza sauti, "Basi mpigieni aje na mwezi wake!"

Mheshimiwa alifika saa tano na robo, mwezi umekwisha kuwa mweupe, akahutubia dakika ishirini, akaihurumia suti yake asipige magoti, akachungulia kwa kuinama nusu, akatangaza kwamba huo ni mwezi wa kila siku na wananchi wametapeliwa, nayo kamati, badala ya kuona haya, ikaifungia darubini stoo kwa uchunguzi. Uchunguzi wa bomba la maji! Mara nne mwalimu aliifuata, mara ya mwisho kwa mkongojo, mara nne akaambiwa bado unaendelea.

Novemba alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Lushoto na Tanga, hadi alipofariki dunia Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, saa kumi alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliombeba kwa machela kutoka mlimani hadi barabarani, na kamati pia tunaishukuru kwa shada lake la maua, ambalo safari hii limewahi.

Lala salama, Mwalimu, umefanya kazi yako.

Ndugu Francis, alfajiri ya tarehe 28 Agosti mwaka huu mwezi utapatwa tena, na wanafunzi wake wanajua. Ufunguo wa stoo unao wewe. Tunakuomba uilete darubini leo, kabla hatujaenda makaburini.