Dada Yetu, Msomaji wa Mifupa ya Shingo

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alikuwa mbishi kupindukia. Mwalimu wa hesabu alimwita Wakili, na jina likamganda.

Chuo kikuu alisomea mifupa ya binadamu, na mwaka 1984 akaajiriwa maabara ya uchunguzi wa vifo. Kazi yake ilikuwa kueleza, kutokana na mabaki, shingo ya mtu iliumiaje: kwa kamba, kwa panga, kwa kuanguka, au kwa sepeto la mchimbaji baada ya kifo. Tulimkataza kuzungumzia kazi mezani. Wapi! Alikumiminia chai huku anakutazama shingo.

Mwaka 1986 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa. Shemeji husema, "Nilipomposa alinijibu: kwanza geuza kichwa." Walijaliwa mabinti wawili.

Kesi iliyomtikisa ni ya mwashi mmoja. Mabaki ya mkewe yaliokotwa korongoni, na Wakili akaandika kwamba mfupa mdogo wa chini ya ulimi umevunjika, yaani mama wa watu alikabwa. Mwashi akawekwa ndani. Lakini dada alikuwa na desturi: kabla ya kupanda kizimbani, huutazama mfupa upya kana kwamba hajawahi kuuona. Safari hii lenzi ikamwonyesha kingo laini. Haukuvunjika hata kidogo. Alichodhani ni ufa kumbe ni kiungo cha kuzaliwa nacho, ambacho kwa watu wengine hakishikani maisha yote. Pingili za shingo nazo zilipasuka kama za mtu aliyeanguka.

Mkuu wake akamsihi, "Nyamaza bwana, utajiaibisha."

"Aibu yangu itapona. Yeye akinyongwa, je?"

Akasimama mbele ya jaji akasema, "Nilikosea mimi." Mwashi akaachiwa. Dada alirudi nyumbani akalia kama mtoto, na sisi hatujawahi kujivunia mtu kiasi kile.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Tunawashukuru mno wauguzi waliomvumilia, maana aliwabishia mpaka dozi. Alifariki tarehe 14 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, nami mdogo wake ninayesoma haya. Mwashi yule alituomba jambo moja tu, tusitafute fundi mwingine. Kaburi hili amelijenga yeye, na hakukubali msaidizi.

Ahsante, dada. Lala kwa amani.