Shangazi Tuliza Anaondoka, Chambo Kipya Hakijapita

Miaka thelathini na moja! Tarehe thelathini mwezi huu mjaribu chambo wetu, tuliyezoea kumwita Shangazi Tuliza, anastaafu, na karakana hii ya chambo bandia inabaki bila mtu wa kusema hiki kiuzwe, hiki kitupwe.

Alianza kwa kufunga ndoana, akaja chumba cha rangi tulipo sisi, halafu akapewa kazi ya kujaribu. Hakuna kisamaki cha plastiki wala cha bati kilichotoka hapa bila kutupwa majini kwanza na mkono wake. Jina alilipata kwa kukemea wageni. Mtu akivuta mshipi mbiombio kama anakimbizwa, Shangazi humwambia atulize mkono, avute, aache kidogo, avute tena, maana kisamaki kigonjwa hakikimbii, na samaki mkubwa anamtafuta mgonjwa.

Ndiye aliyetufundisha kwamba maji ya matope yanataka chambo cheusi chenye gololi ndani, kilie, samaki akisikie kabla hajakiona. Maji maangavu, rangi ya dagaa wa hapohapo. Baharini kiwe kizito, king'ae, na ndoana isiyoshika kutu. Mhasibu wetu alijifanya mjuaji, akaenda likizo baharini na chambo cha mtoni. Kolekole mmoja tu aliinyoosha ndoana ikawa kama sindano! Shangazi akamuuliza kama ampe na uzi kabisa, ashone. Mpaka leo mhasibu akipita tunamwita Fundi Cherehani.

Tucheke hapohapo, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Chambo kipya cha mtoni, tulichokipaka rangi msimu mzima, hakijaguswa na samaki hata mmoja. Shangazi kajaribu asubuhi, kajaribu jioni, mtoni, bwawani, wapi! Wiki iliyopita tulishuka wote ukingoni kumtazama akijaribu kwa mara ya mwisho. Mshipi ukarudi mtupu. Meneja akamsihi, mama yangu, pitisha tu, chambo hakina kosa, mto ndio umeishiwa samaki. Shangazi akasema huenda ni kweli, ila mnunuzi naye atakitupa kwenye mto huohuo. Hakupitisha.

Basi maboksi yamelala stoo, na chumba cha rangi kinafungwa mwezi ujao. Hatujui pa kwenda. Tulimnunia, jamani, wengine hata salamu tulimnyima, na huku binti wa dada yake mwenyewe yumo humuhumu chumbani, anapoteza kazi pamoja nasi. Shangazi alijua hilo alipokuwa anakunja mshipi wake.

Shangazi, tumekata tamaa, hatukufichi. Asante kwa kazi, kwa makemeo, na kwa kukataa kusema uongo siku ambayo sote tulikuomba useme. Nenda kapumzike, na huko uendako maisha yakutendee mema.