Bei ya Kuishi Karibi

Mwaka ule wa hamsini na mbili Tunduma ilikuwa barabara moja ya vumbi, kizuizi cha mpakani, maduka mawili ya Wahindi na benchi la Roda. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mnene uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, mkabala na mahali malori yalipongojea kukaguliwa kabla ya kuvuka kwenda Rodeshia ya Kaskazini. Roda alichemsha kahawa ya Mbozi katika birika jeusi, na aliyekuja kunywa kikombe kimoja alibaki kusema maneno ya vikombe sita. Wa kila siku walikuwa watatu. Enoka aliitwa Keya kwa sababu alipigana vita vya Bama katika jeshi la Keya la Waingereza, na hakukubali mtu asahau. Amoni aliitwa Luanshya kwa sababu alichimba shaba huko miaka tisa, akarudi na baiskeli, kofia ya chuma na maneno ya Kibemba. Wa tatu alikuwa Jonasi, mwalimu wa shule ya misheni, ambaye hakuna aliyethubutu kumpa jina la utani, maana kila mtu siku moja angemhitaji amsomee barua. Asubuhi hiyo aliyemhitaji alikuwa Boazi mpishi.

Boazi alikaa na barua hiyo siku tisa. Aliificha ndani ya kofia, mkewe Ferista asiione. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni. Alijua maneno ya mkate, ya supu na ya kuchelewa, lakini barua hii ilikuwa na maneno mengine. Alijua tu imetoka kwa Memsabu wake wa zamani, ambaye Boazi alimpikia yeye na mumewe, Bwana Kikohozi, kwa miaka kumi na minne kwenye shamba lao la kahawa kule Igamba. Kifua cha Bwana kilipozidi, daktari akamwambia atafute hewa ya bahari. Shamba likauzwa, wazungu wakaondoka, na Boazi akahamia Tunduma kwa shemeji zake, mikono yake ikiwa haina kazi.

— Isome yote, mwalimu, — alisema Boazi. — Usiruke hata mstari.

Jonasi alikunjua karatasi, akasoma kimoyomoyo kwanza, kisha akaanza kutafsiri polepole.

— "Mpendwa Boazi. Tulifika salama. Tunakaa katika mji mdogo wa pwani, kwenye bahari ya Karibi."

— Karibu na wapi? — aliuliza Keya.

— Si karibu. Karibi. Ndilo jina la bahari.

— Iko karibu?

— Iko mbali sana. Unavuka bahari kubwa ya upande wa pili kabisa.

— Sasa kama iko mbali, kwa nini wasiiite Mbali? Mimi nimepanda meli, mwalimu. Jeshini kitu kinaitwa kilivyo.

— Mwache asome, bwana, — alisema Luanshya.

— "Nakuandikia kwa sababu ya gharama ya kuishi. Hapa gharama ya kuishi kwa wageni kama sisi..."

— Rudia hapo, — alisema Luanshya. — Gharama ya nini?

— Ya kuishi.

— Awe, mukwai, hapana bwana. Gharama ya kula naijua. Ya nguo naijua. Kuishi nako kunauzwa?

Jonasi aliitazama tena karatasi kana kwamba labda neno limebadilika.

— Ndivyo alivyoandika. Wenzetu wana neno lake. Ni bei ya... ya kuwa hai, mahali fulani.

— Hata sisi tunayo, — alisema Keya. — Kodi ya kichwa ni nini? Usipolipa unafungwa.

— Kufungwa si kufa.

— Muulize aliyefungwa.

Boazi hakucheka. Alikuwa anasubiri jina lake litajwe tena. Siku zote tisa alikuwa anajiuliza kama anaitwa au anaagwa, na moyo wake haukujua uombe lipi.

Jonasi aliendelea. Nyumba ya mbao inayotazama bahari, dola thelathini kwa mwezi, na mwaka jana upepo ulichukua mabati yote, mwenye nyumba akasema ni kawaida. Samaki rahisi kupita kiasi. Siagi ya kopo ghali. Barafu inauzwa barabarani kwa vipande. Kahawa mbaya, na bei yake inamtoa Bwana machozi. Wazungu wengi waliofuata jua na pensheni wapo hapo, na kila jioni wanakaa barazani kulinganisha bei.

— Kumbe nao wana benchi, — alisema Roda huku akimimina.

— Hapo mmesikia neno dola, — alisema Keya, akiweka kikombe chini. — Dola ni ya Mwamerika. Niliwaona Bama. Mwamerika anafungua kopo la nyama, anakula nusu, anatupa. Kwa hiyo mji huo uko Amerika, na vitu ni rahisi kwa sababu vinaokotwa.

— Kama vinaokotwa, mbona siagi ni ghali? — aliuliza Luanshya.

— Siagi ikitupwa inayeyuka.

— Wewe hujui dola. Dola ni shaba. Sisi tulikuwa tunaichimba, inapakiwa kwenye treni, inakwenda, hairudi. Sasa nimejua ilikokuwa inakwenda. Wamejenga mji kwa shaba yangu, halafu wanalalamika bei.

— Mji ni wa Waingereza, — alisema Jonasi. — Bendera ni ile ile tuliyo nayo hapa. Ila pesa yao inaitwa dola. Moja ni kama shilingi nne na senti kidogo.

Hilo liliwachanganya zaidi kuliko yote. Bendera moja, mfalme mmoja mpaka juzi alipofariki, na pesa mbalimbali. Keya alisema hilo haliwezekani, kisha akasema linawezekana, ila ni siri ya jeshi.

— Na wenyeji ni nani? — aliuliza Boazi. Ilikuwa mara ya kwanza kuliwaza hilo.

— Watu weusi, — alisema Jonasi. — Nilisoma shuleni. Babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, wakavushwa kwa meli. Siku hizi wanasema Kiingereza, wanasali kanisani, wanavaa suti.

Lori lilipiga honi kizuizini, askari wa forodha akatoka taratibu.

— Basi hao ni ndugu, — alisema Luanshya. — Hatuwezi kukosa Mnyamwanga mwenzetu mmoja pale. Kaka yake babu yangu alipotea.

— Alipotelea mtoni, — alisema Keya. — Ulisema mwenyewe aliliwa na mamba.

— Nani alimwona mamba? Boazi, ukifika uulize. Ukimpata, bei itashuka. Ndugu hamuuzii ndugu.

— Wewe uliniuzia kofia ya chuma, — alisema Keya.

— Ile ilikuwa ya kazini.

Jonasi aliinua kidole, maana alikuwa amefika penyewe.

— "Sokoni, Boazi, kuna bei mbili. Moja ya wenyeji na moja ya wageni. Sisi tunauziwa ya wageni, hata Bwana apige kelele namna gani. Mpishi wa hapa anataka dola ishirini na tano, jioni anakwenda kwake, Jumapili haji, na hapendi kuitwa kwa kengele. Hatuwezi. Bwana amekonda. Tumekubaliana tukuite wewe. Nauli ya meli tutalipa. Mshahara dola kumi na tano kwa mwezi, na chumba nyuma ya jiko. Mkataba ni miaka mitatu. Ferista tutamwita baadaye, kama gharama ya kuishi ikiruhusu. Tafadhali jibu kabla ya mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku nne mbele, na basi la posta la Mbeya lilikuwa linapita saa sita mchana huo.

Kwa hiyo anaitwa. Boazi alipata joto la kuhitajiwa, joto ambalo hakulisikia tangu shamba liuzwe. Aliliona jiko lile jeupe, akasikia Memsabu akisema mkate wa leo umeumuka vizuri. Mara hiyo hiyo akamwona Ferista peke yake miaka mitatu uani kwa kaka zake, akiulizwa kila siku mumeo yuko wapi, na hana hata jina la mahali la kuwatajia.

— Nenda, — alisema Keya. — Kumi na tano ni shilingi sitini na zaidi. Igamba ulikuwa unapata ngapi?

— Arobaini na tano.

— Umeona. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Hiyo methali inasema asiende, — alisema Jonasi.

— Inasema nyoka yuko huko, fimbo iko hapa. Kwa hiyo fimbo iende.

— Mimi nasema asiende, — alisema Luanshya. — Upepo unachukua bati. Nyumba ya mzungu ikichukuliwa bati, chumba cha nyuma ya jiko kinachukuliwa na nani? Na mgeni njoo mwenyeji apone. Hapo ndipo bei mbili zilipotoka. Mgeni analipa mara mbili, mwenyeji anapona.

— Methali hiyo ni ya wema, — alisema Roda.

— Wema kwa mwenyeji, ee. Sikusema vibaya.

— Nyote hamjaelewa, — alisema Keya, na sauti yake ikashuka kama anayetoa habari za kambini. — Huu ni mpango. Waingereza wanahamishwa kidogo kidogo, wanaokohoa kwanza. Wakishafika wote huko, wanakuwa wageni, wanazoea kulipa bei ya wageni. Halafu siku moja wanarudishwa hapa, na sisi tunawauzia kwa bei hiyo hiyo bila matata.

— Kwa nini wasizoeshwe hapa hapa? — aliuliza Luanshya.

— Hapa wakipiga kelele, bei inashuka.

Boazi alimtazama Keya, akamtazama Luanshya, akaona kwamba kila neno lilikuwa linamsogeza hatua moja nyuma kutoka pale alipokuwa kabla barua haijasomwa. Alikuja na swali moja, sasa alikuwa nayo kumi, na nusu yake yalihusu mamba.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mwanamke aliyeshuka kwenye lori lililotoka upande wa Isoka, ng'ambo ya mpaka. Alijitambulisha kwa Roda kuwa anaitwa Tabita, anakwenda Ndalambo kwa binti yake aliyejifungua. Alikunywa kahawa yake, mzigo mapajani. Sasa aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba zangu. Mimi ni mpitaji tu, nawasikiliza. Huyu baba akifika huko, akienda sokoni, atauziwa kwa bei ipi?

— Ya wageni, — alisema Keya papo hapo. — Si katoka mbali?

— Ya wenyeji, — alisema Luanshya. — Mtazame rangi yake.

— Mpaka afungue kinywa, — alisema Jonasi.

— Basi asifungue.

— Atanunuaje samaki bila kusema?

Tabita aliwangoja wamalize, kwa adabu.

— Nauliza kwa sababu mimi nauza maharage huku na huku, pande zote mbili za mpaka. Huku naitwa wa kule, kule naitwa wa huku. Bei naijua kabla sijatoka nyumbani. Sasa nimesikia mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwenyeji. Na pesa za mgeni hana. Ndiyo maana nikauliza, huko yeye atakuwa nani?

Jonasi aliipekua barua mbele na nyuma, akatafuta hata pembezoni, akatikisa kichwa. Muda si mrefu dereva wa lori la Ndalambo aliita, Tabita akalipa, akawaaga mmoja mmoja, akaenda.

— Mwalimu, — alisema Boazi, — andika hilo.

— Lipi?

— La yule mama. Mwambie nimeshukuru, nawasalimu wote wawili, na Bwana apone kifua. Halafu mwulize, mimi nikija nitauziwa kwa bei ipi.

Jioni alimweleza Ferista kila kitu. Ferista alisikiliza mpaka mwisho, akimenya viazi.

— Siku tisa, — alisema. — Ulikuwa umeamua nini?

— Sikujua. Bado sijui.

— Ungeniambia, tungekuwa wawili wasiojua, — alisema Ferista, kisha akamwekea chakula, akaenda kulala.

Jibu lilifika baada ya miezi minne. Jonasi alilisoma mbele ya wale wale. Memsabu aliandika kurasa mbili za samaki na upepo, kisha: "Swali lako lilimchekesha Bwana, baadaye likamsumbua. Tuliwauliza marafiki zetu barazani. Kila mmoja alisema lake, wakakosana. Mpishi wetu tulimwuliza, akasema swali hilo si la kwake. Kwa kweli, Boazi, hatujui. Itabidi uje ndipo tujue."

Keya na Luanshya walianza tena papo hapo, mmoja akisema hilo ni jibu, mwingine akisema si jibu. Boazi aliwaacha. Aliona ajabu kwamba moyo wake ulikuwa umetulia.

— Nijibu nini? — aliuliza Jonasi, kalamu tayari.

— Andika kwa Kiswahili, anakisoma ingawa hawezi kukiandika. Asante, Memsabu. Mtu hapandi meli wiki tano kwenda kuulizia bei.

Jonasi aliandika. Aliuliza kama aongeze salamu, Boazi akasema aongeze nyingi, na amweleze Memsabu kwamba unga wa mkate wakati wa joto uumuliwe alfajiri, maana labda mpishi wa huko hakuambiwa. Kisha akaichukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe chini, akaenda kumwonyesha Ferista barua hiyo kabla basi halijaja.