Ibada ya Usingizi Hamriya: Mchungaji Kashumba na Mama Evodia Wanatuaga

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2008, Mchungaji Ildefonce Kashumba na mkewe Mama Evodia wanastaafu rasmi baada ya miaka kumi na miwili ya utumishi hapa Maskati, ukiacha ile ishirini na saba waliyoitumikia dayosisi yao kule Kagera kabla hawajajua kwamba duniani kuna joto la namna hii. Wazee wa usharika walitafuta mtu wa kuandika wasifu wao. Wenye elimu zao wote wakawa na kazi nyingi wiki hii, basi msomaji avumilie mkono wa darasa la saba, tena wenye mtoto pajani.

Niseme mapema jambo linalozunguka midomoni mwetu, lisije likadhaniwa limesahaulika. Tangu tangazo la kustaafu kwao litoke, hakuna dada hata mmoja aliyeuliza nani atahubiri badala ya Mchungaji. Wote wanauliza: Ijumaa tutalala wapi? Jibu lipo, nami nitalifikia. Ila kwanza tuwasifu wenyewe, maana ndicho nilichotumwa.

Mchungaji alizaliwa Bukoba vijijini mwaka 1938, katika hospitali ya Wakatoliki. Sista mkunga akampa jina la Ildefonce kabla baba yake, Mlutheri wa kufa na kupona, hajafika na baiskeli yake. Walutheri wamekuwa wakijitahidi kulizoea tangu siku hiyo. Mama Evodia alikuwa mwalimu wa sayansi kimu, na wanafunzi wake wa zamani wanasema hadi leo hawathubutu kukunja shuka vibaya hata wakiwa peke yao.

Mwaka 1996 dayosisi ilisikia kwamba dada wengi kutoka nyumbani wanafanya kazi za ndani huku Maskati, na kwamba hawana mchungaji. Wazee hawa wawili, ambao walikuwa wamekwisha kupanda kahawa ya kustaafia, wakaitwa wakaambiwa waende wakaamshe mioyo iliyolala. Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo, kuamsha.

Walitua mwezi wa Juni. Mchungaji alikuwa na suti ya sufu aliyoshonewa mahsusi kwa safari. Alipotoka mlangoni mwa ndege alifikiri lile joto ni la injini, akamshika mkewe mkono wasimame kando kidogo, ndege isogee, kupoe. Ndege ilisogea. Wao wakabaki na joto lao.

Mama naye sanduku lake, lililofungwa kwa kamba ya katani, alikataa kulifungua. Alisema yeye ni wa hadi Pasaka tu. Nguo zilikuwa zikichomolewa moja moja kwenye upenyo wa kifuniko, kama mtu anayejiibia mwenyewe.

Kazi ikaanza kwa kishindo. Walikuwa wameelezwa kwamba huku ibada ni Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Mchungaji akalichukulia kama maombi ya nyongeza ya katikati ya juma, akajiwekea nguvu zake za Jumapili. Jumapili hiyo ya kwanza akavaa kanzu yake na kola, akafika uwanja wa makanisa hapa Ruwi asubuhi na mapema, akakaa ukumbini hadi saa sita na mfagiaji mmoja wa Kerala, ambaye Mchungaji alimwinulia miguu ili apitishe ufagio. Alirudi akamwambia mkewe kwamba mahudhurio hayaridhishi. Ijumaa ilipofika ukumbi ulifurika, naye alikuwa amekuja na shati la mikono mifupi, mahubiri kayaacha nyumbani. Mpaka leo, ikifika Ijumaa, hutusalimu kwa kututakia Jumapili njema, nasi huitikia.

Kuhusu lugha, alinunua kitabu cha Kiarabu akakariri salamu wiki nzima kwa ajili ya mwenye nyumba waliyopanga Hamriya, Bi Shaikha. Bi Shaikha ni mtu mzima aliyezaliwa Unguja, amekulia Unguja, na amekuja Oman akiwa mke wa mtu. Alizisikiliza zile salamu zote hadi mwisho, kwa adabu, kisha akamjibu: "Kiarabu chako kizuri, baba. Mie nnakuonea huruma Kiswahili chako." Kitabu kile sasa kinazuia mlango wa jikoni usijifunge.

Na Mama naye alijikwaa palepale. Kwao Bukoba mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, zikaletwa ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, akatafuna. Bi Shaikha alipopanda juu kuwajulia hali, Mama akamletea kikapu. Bi Shaikha, ambaye kwake kahawa ni ya kunywa kwenye kikombe kidogo, tena na tende pembeni, alidhani amepewa zawadi. Akazifunga zote kwenye ncha ya mtandio, akateremka nazo, akazitwanga, akazichemsha, akanywa birika zima ili asimvunje moyo mgeni. Kesho yake alipanda ngazi macho yamemtoka. "Bi Evodia, buni gani ile umenipa? Sijafumba jicho mpaka alfajiri! Hata nyumba nimefagia!" Katika miaka kumi na miwili, huyo ndiye mtu pekee aliyekoseshwa usingizi na Mama Evodia.

Sasa nifike kwenye utumishi wenyewe. Mchungaji ni mhubiri hodari, kila aliyemsikia Kagera anasema hivyo. Sisi hatuwezi kuthibitisha, maana tulikuwa tunalala. Dada anayefanya kazi za ndani huamka kabla ya watu na hulala baada yao, na akipata Ijumaa yake, kama anaipata, hufika kanisani akaketi kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Basi. Zaburi ikianza tu, safu ya nyuma imekwenda. Likija somo la Agano la Kale, safu ya katikati. Mchungaji alipaza sauti. Alipiga mimbari ngumi. Alitusimamisha tuimbe tenzi nne mfululizo, na wapo waliojifunza kulala wima.

Yule mzee aliumia, tusimcheke sana. Alikuwa ametumwa aamshe. Akafikia kumwambia mkewe kwamba labda wito wake umekwisha na warudi nyumbani. Mama alikuwa na kila sababu ya kufurahi, sanduku liko tayari na kamba yake. Badala yake, Ijumaa iliyofuata aliketi safu ya nyuma, karibu na Veneranda, dada wa Muleba aliyekuwa akilea watoto sita na bibi mgonjwa wa kitandani. Ibada ilipokwisha akamgusa bega na kumuuliza mbona anamlalia Mchungaji namna ile. Veneranda akaona aibu. "Mama Mchungaji, si kwamba neno halinifai. Ni kwamba wiki nzima, hapa tu ndipo hakuna anayeniita jina."

Mama alirudi Hamriya, akafungua ile kamba.

Shuka zote zilizokuwa ndani ya sanduku akazitandika sebuleni juu ya mikeka ya duka la Mhindi wa chini, na kamba ya katani akaifunga darini, juu ya paa, kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye dishi, iwe ya kuanikia. Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada, alituongoza kwa miguu kutoka Ruwi, akatulisha ndizi, akafunga mapazia, akasema neno moja tu: "Laleni." Hapakuwa na mahubiri wala kwaya, kusali tulikwisha kusali Ruwi. Tuliamshwa kwenye magharibi kwa chai ya maziwa, kila mtu akajifunga mtandio akaenda kwa waajiri wake na uso mpya.

Bi Shaikha alivumilia Ijumaa tatu, ya nne akatusubiri kwenye ngazi.

"Wasichana wote hawa wanakwenda wapi, Bi Evodia? Juu mna harusi?"

"Wanakwenda kulala, Bi Shaikha."

"Kulala! Kwani huko wanakokaa hawana vitanda?"

"Vitanda wanavyo. Usingizi ndio hawana."

Bi Shaikha akasema haya, ila wakanyage polepole. Hakuafiki, na kila Ijumaa tulimsikia chini akihesabu nyayo zetu kwa kuguna.

Mchungaji ndiye aliyechelewa kuzoea. Kwanza alijaribu kutusomea japo mistari miwili tukiwa tunasinzia, Mama akamtoa nje. Akatafuta kazi ya kufanya, akajiwekea kigoda mlangoni, alinde viatu. Alipokuja Kidawa, dada wa Tanga, Mwislamu, aliyeletwa na Veneranda kwa kuwa macho yalikuwa yamemvimba kwa kukesha na mtoto wa watu, Mchungaji akamwita mkewe pembeni. "Huyu sasa tumhesabu wapi?" Mama akamjibu, "Mhesabu mkeka wa dirishani." Kidawa ameulalia mkeka huo miaka saba. Ikifika saa ya sala yake, Mchungaji ndiye humgongea mlango taratibu asipitiwe.

Kisha akaja mkuu wa jimbo kutoka nyumbani, kukagua kazi ya misheni. Alipanda ngazi Ijumaa mchana na mkoba wake, akamkuta Mchungaji Kashumba, msomi wa theolojia, juu ya kigoda, katikati ya jozi za ndala. Akauliza kwa sauti waumini wako wapi. Mchungaji akaweka kidole mdomoni. "Polepole, baba. Tuko katikati ya ibada."

Mkuu wa jimbo alichungulia, akaona vichwa vimejipanga ukuta hadi ukuta. Alirudi nyumbani na mkoba wake, na huo ndio uliokuwa ukaguzi wa mwisho.

Mafanikio mengine ya Mchungaji ni machache, nami sitaki kumsingizia. Hakujenga jengo. Kwaya aliyoianzisha ilikufa kifo cha kawaida. Mara moja alituandalia matembezi ya Quriyat tukaone bahari na mitende. Tuliyaona yote kupitia dirisha la basi, yaani wale wawili waliokuwa macho.

Lakini Juni mwaka jana kimbunga kilipoipiga Maskati, maji yalijaa nyumbani kwa Bi Shaikha hadi kwenye makochi. Mchungaji na mjukuu wa Bi Shaikha, Ghanim, walimpandisha juu wakimshika huku na huku, naye akililia mazulia yake. Mama alimlaza mkeka wa dirishani. Akalala. Akalala mpaka tukaogopa, watu wakawa wanamsogelea kusikiliza pumzi. Alipoamka alikaa kitako, akautazama ule mkeka, akasema, "Kumbe ndio hivi." Tangu hapo hatujamsikia akiguna.

Pamoja na hayo, nyumba ni nyumba na mpangaji akiondoka huja mwingine. Dayosisi imeandika kwamba haitatuma mtu tena. Ghanim, kijana mwenye heshima na mipango mingi, alitaka sehemu ile iwe ofisi ya kompyuta. Jumanne wiki iliyopita, nilikuwepo na mwanangu kumsaidia Mama kufunga vitu, akaja na bibi yake na futi ya kupimia. Akapima sebule. Akapima dirisha. Mama alikuwa anakunja shuka, na kwa mara ya kwanza nikaona mwalimu wa sayansi kimu anakunja upande.

Bi Shaikha aliketi akamwangalia mjukuu wake anavyohangaika, kisha akamwita.

"Ghanim, hebu lala hapo kidogo."

"Bibi, nina miadi Ruwi."

"Nakwambia lala. Unapima nyumba hujailalia, utajuaje inatosha nini?"

Akacheka, akajilaza mkeka wa dirishani ili yaishe, futi kifuani. Akaanza kutueleza mambo ya nyaya na meza zitakavyokaa. Sentensi haikufika mwisho. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma vile vile kinavyotungurumia sisi, na simu yake ikaita mara nyingi bila mwenyewe. Bi Shaikha hakumgusa. Mchungaji alisimama, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni, akaviweka viatu vya Ghanim sawasawa mbele yake.

Aliamka kwa adhana ya alasiri. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyerudi safari, akaokota futi yake, akasema labda kompyuta zitakaa vizuri zaidi chini, kwenye lile duka lililokuwa la Mhindi.

Jibu la swali letu basi ni hili. Ijumaa ijayo tutalala palepale. Bi Shaikha atafungua mlango mwenyewe. Amesema yake si kanisa wala si msikiti, ni mahali pa kujinyoosha, na viatu atavilinda yeye, goti likimruhusu kupanda. Kuhubiri hawezi, anaomba radhi. Ila tukishindwa kupata usingizi bila mahubiri, ana redio.

Mchungaji alisikia hayo na alicheka kuliko sisi wote, kisha akaenda darini peke yake kwa muda.

Mchungaji Kashumba, Mama Evodia, asanteni. Mlitumwa kuamsha watu, mkakubali kutufunikia shuka, na hatujui kama kuna aliyewahi kutupenda hivyo tangu tuondoke kwa mama zetu. Mwanangu alikaa kitako kwa mara ya kwanza kwenye mkeka wenu; nikijaliwa nitamleta Kagera awaonyeshe anavyokimbia. Mama ameniambia sanduku atalifunga kwa mkanda wa suti ya Mchungaji, maana kamba inabaki darini, shuka za Ijumaa bado zitahitaji kukauka. Nendeni salama, kahawa yenu iwazalie, na kule nyumbani, kwenye ubaridi wenu, mpate na ninyi mtu wa kukaa mlangoni mkiwa mmelala.