Bernadina Qamara na Wenzake wa Pazia la Shangazi

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mliotoka karibu na mbali, familia imemtuma Silvanus, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye atayasoma kama yalivyokuwa, pamoja na pale ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Marehemu Bernadina Qamara alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Mbulumbulu, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Qamara na mama Martha, wakulima wa ngano na maharage, akasoma shule ya msingi palepale nyumbani kuanzia 1970 hadi 1976, kisha akajifunza upigaji chapa mjini Arusha, akahitimu mwaka 1981.

Alifunga ndoa tarehe 12 Julai 1986 na Zablon, dereva wa lori, ambaye Mungu alimwita mwaka 1991 kabla hawajajaliwa mtoto, na tangu 1994 marehemu alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii hapa Karatu, kazi aliyoipenda na kuimudu, ingawa ilikuwa na uchungu wake, kwa kuwa kila aliyemkaribisha jioni aliondoka asubuhi kwenda kreta kutazama wanyama, naye akirudi chumbani kwake hakuwa na wa kumsemesha ila redio. Tuseme ukweli, Bernadina alikuwa mpweke, na sisi ndugu zake tulidhani kumpelekea gunia la mahindi kila mavuno kunatosha.

Katika redio hiyo aliupenda mchezo wa Pazia la Shangazi, uliokoma mwaka 1999, akausikitikia kama aliyefiwa, hadi Februari 2002, kompyuta ya hoteli ilipounganishwa na intaneti, akakuta jukwaa la wapenzi wa mchezo huo, watu waliokataa katakata kuuacha ufe, wakawa wanatunga vipindi vipya na kusomeana, na yeye, ambaye katika vikao vya ukoo hatukuwahi kumsikia akitamka maneno kumi, aliandika vipindi thelathini na vinane, tena vya kuvunja mbavu, baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya meneja wake.

Alipoanza kucheka peke yake na kumtaja kila mara mtu wa Singida aitwaye Kamanda, tuliunganisha mambo harakaharaka, tukaitisha kikao, na Silvanus huyuhuyu anayewasomea akasema mbele ya wazee kwamba mwanamume mwenye nia njema hajifichi kwenye kompyuta, aje ajitambulishe, naye dada, badala ya kutusahihisha, akatabasamu, akasema haya, atakuja. Tarehe 18 Desemba 2004 mbuzi alichinjwa, wajomba wakavaa makoti, na kwenye basi akashuka Bi Evarista, muuguzi mstaafu wa miaka sitini na mitatu, kapu la vitunguu mkononi, akasema Kamanda ni yeye, ndilo jina lake la jukwaani. Mbuzi akishachinjwa hafufuki, basi aliliwa, Bi Evarista akakaa siku nne, na hatujapata kumsikia dada yetu akiongea namna ile.

Novemba 2006 marehemu aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa hapa Karatu, kisha katika hospitali ya rufaa mjini Moshi, na wakati sisi tukisubiri mavuno yaishe ndipo twende, wenzake wa jukwaa walikwisha kupangiana zamu, Margareth wa Moshi akimletea uji kila siku, mwalimu Tajewo akisafiri kutoka Malambo kila likizo kumsomea vipindi vipya, na Bi Evarista akihamia kabisa kwake kumuuguza. Alifariki tarehe 9 Agosti 2008, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Bi Evarista, na hilo linatuuma na linatufariji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotandika mikeka na kupika tangu siku ya kwanza, meneja na wafanyakazi wenzake wa hotelini, Mungu awalipe. Kwa desturi mume na watoto ndio hutangulia kuweka udongo kaburini, na ndugu tulipokaa jana mchana tulikubaliana kwamba nafasi hiyo haitabaki wazi, wataitwa kwanza Bi Evarista, Margareth na mwalimu Tajewo, sisi ndugu wa damu tutafuata nyuma yao, kwa kuwa kwa dada yetu wao walifika kabla yetu.

Dada Bernadina, utusamehe, na upumzike kwa amani.