Bi Mwantumu na Mlango wa Mipini Miwili

Tarehe 30 Juni 2004 Bi Mwantumu Kibwana, mchoraji mkuu wa karakana yetu ya Ngombezi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Aliajiriwa kuchora vipuri vya mashine za mkonge, na tangu siku hiyo penseli yake hukaa sikioni, chini ya mtandio. Ukiichukua bila kuomba, utajuta.

Mwaka 1997 karakana ilikuwa imeshauzwa kwa mtu binafsi, na nusu ya wafanyakazi wamepunguzwa. Tajiri mpya akaleta kazi ya kufa na kupona: mlango wa nyambizi ndogo za watu binafsi, ili mbili zikikutana chini ya maji zishikane, mtu avuke bila kulowa. Mlango ukikataliwa, karakana inafungwa. Nyambizi, Korogwe hii! Tulicheka. Bi Mwantumu alichonga penseli.

Mlango wa kwanza aliuchora kwa mtindo tuliouzoea, ule wa mashine ya kufunga marobota: nati nane, zote zinakazwa kwa nje. Siku ya jaribio aliingia mwenyewe ndani ya pipa la chuma, tukamfungia, tukalizamisha kwenye tangi la kiwanda. Halikuvuja hata tone. Tukalivuta juu kwa winchi, tukashangilia, tukaenda kunywa chai. Mungu wangu, tukamsahau ndani! Aligonga kwa spana robo saa nzima, kelele za mashine zikamfunika. Tulipokumbuka na kumfungulia, alitoka amelowa jasho chapachapa.

Tajiri alitaka asaini mchoro siku hiyohiyo. Alikataa katakata. Alisema mlango asioweza kuufungua aliye ndani si mlango, ni jeneza. Tulimnunia, maana ajira zetu zilikuwa mikononi mwake. Hakuyumba. Aliomba wiki tatu, akatoboa mlango katikati na kupitisha shafti moja yenye mpini kila upande. Tundu likavuja. Akachora upya, likavuja tena, mara tisa. Mwishowe Mzee Moreto, mfugaji wa Kwedizinga, alimletea ngozi ya ng'ombe. Bi Mwantumu aliikata umbo la pete, akailoweka kwenye mafuta, akaizungushia shafti. Maji yakakoma.

Jaribio la mwisho tulizamisha mapipa mawili yaliyoshikana. Yeye aliingia moja, mimi akaniamuru niingie la pili. Nikazungusha mpini, mlango ukafunguka, nikamkuta ng'ambo ananicheka. Mlango ulikubaliwa, na mpaka leo tunautengeneza.

Sasa niseme jambo ambalo yeye hajalisema kwa miaka saba. Mwenye zamu ya nati siku ile ya chai nilikuwa mimi. Tajiri alipouliza nani afukuzwe, Bi Mwantumu alimjibu kwamba nati ziling'ang'ania. Watoto wangu wanne wamesoma kwa jibu hilo.

Shikamoo, Bi Mwantumu, na asante. Nenda ukapumzike shambani kwako Hale, kwa afya na furaha. Chai nitakuletea mwenyewe, na safari hii sitakunywa kabla yako.

Habakuki Mhina, kwa niaba ya wafanyakazi